Ajenda ya tatu ilivyoishia kwenye mengineyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji. Toleo lenu la Jumamosi iliyopita lilikuwa na makala ndefu iliyotuhimiza sisi wasomaji, mtu mmoja mmoja na taasisi, tutenge saa moja, tukae penye utulivu na kuandika dhamira yetu kwa sentensi isiyozidi maneno 20. Mwandishi alisema asiye na sentensi hiyo anaishi kwa kubahatisha. Niliisoma makala yote, kisha nikairudia nikiwa na kalamu mkononi, na pembeni mwa aya ya mwisho nikajikuta nimeandika: "Je, nje alikuwa amekaa nani?" Nawaandikia ili nieleze swali hilo lilikotoka.

Mimi ni katibu muhtasi mstaafu. Nimeifanya kazi hiyo miaka 31 katika taasisi nne: ofisi ya mawakili, chuo, kampuni ya bima na, kwa miaka 14 ya mwisho, shirika la huduma za macho. Nilisoma hati mkato, yaani kuandika kwa alama fupi ili kwenda sawa na kasi ya msemaji, nikafaulu mtihani wa maneno 100 kwa dakika, na tangu hapo maisha yangu ya kazi yalikuwa kukaa pembeni mwa meza na kuandika wanayosema wengine. Vikao nilivyoviandika sikuwahi kuvihesabu, ila madaftari ya hati mkato ninayo, yamejaa sanduku moja na nusu.

Katika taasisi hizo nne nimeshuhudia dhamira ikiandikwa mara tano. Utaratibu haubadiliki sana. Mwezeshaji husimama mbele ya bangokitita, zile karatasi kubwa za kuandikia zilizotundikwa, na kalamu rashidi za rangi tatu, wajumbe hutaja maneno, naye huyaandika, huyapanga, huyakata na kuyaunganisha. Jioni mimi huyachapa ili kesho yake yagawiwe. Maneno yenyewe nayajua kwa kichwa: kuwezesha, kuimarisha, jumuishi, endelevu, wadau, weledi, ubora. Ni maneno mema yote, na waliokuwa wakiyataja waliyataja kwa nia njema. Lakini niliyachapa kwa ofisi iliyokuwa ikitetea watu mahakamani, nikayachapa kwa kampuni iliyokuwa ikilipa fidia za ajali, na ukiondoa jina lililo juu ya karatasi hakuna ambaye angejua ipi ni ya nani.

Sasa nije kwenye lile shirika la macho. Jina lake silitaji, maana watu wake wengi niliwapenda na bado nawapenda.

Kazi yake kubwa ilikuwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Kwa wasiojua, lenzi iliyo ndani ya jicho huingia ukungu polepole hadi mtu anabaki kutofautisha mwanga na giza tu. Duniani kote hakuna ugonjwa unaopofusha watu wengi kuliko huo, na karibu kila mara dawa yake ni hiyo hiyo moja: daktari anaitoa lenzi yenye ukungu na kuweka ya bandia. Mara nyingi kazi hiyo haimalizi saa moja. Daktari wetu, siku ambayo chumba cha upasuaji kilikuwa na timu kamili, alikuwa akifanya watu wanane.

Mwaka wangu wa tisa pale, uongozi uliamua tuandike mpango mkakati mpya, tuanze na dhamira. Mwezeshaji aliyeletwa alikuwa mtu msikivu na mwenye subira, simlaumu kwa lolote. Iliamuliwa watumishi wote washiriki, kuanzia daktari hadi dereva na mhudumu wa usafi, ili dhamira iwe ya wote. Nililipenda wazo hilo na nililiunga mkono. Lakini wote wakiwa ukumbini, kliniki inabaki bila mtu. Basi ikaamuliwa kliniki ifungwe siku mbili, nami nikaagizwa kuchapa tangazo la mlangoni. Nililichapa kwa herufi kubwa nzito, nikalipigia mstari, nikalibandika mwenyewe kwa gundi pembe zote nne. Niliona nimemaliza kazi yangu. Haikunijia akilini kwamba wengi wa wanaofika kwenye mlango ule hawawezi kusoma tangazo, na kwamba hiyo ndiyo sababu yao ya kufika.

Siku ya pili, kati ya saa nne na saa tano asubuhi, nilitoka ukumbini kwenda kutoa nakala. Kwenye benchi la nje alikuwa amekaa mzee mmoja, mikono yote miwili juu ya fimbo, na ubavuni mwake mtoto wa kike wa umri wa kama miaka tisa. Nikaamkia. Mzee akaniuliza, "Mwanangu, zamu yetu imefika?" Walikuwa wamekaa hapo tangu saa moja. Yule mtoto alikuwa amelisoma tangazo, tena vizuri, na akamwambia babu yake kuwa pamefungwa. Babu akamjibu haiwezekani pawe pamefungwa, mbona anasikia watu wengi humo ndani wanazungumza.

Nilirudi ukumbini. Mjadala wakati huo ulikuwa kama dhamira iseme "kutoa huduma za macho" au "kuwezesha upatikanaji wa huduma za macho". Nimeyaangalia maandishi yangu ya siku ile: hoja hiyo ilichukua saa moja na dakika 20. Niliandika kikaratasi nikampa mkuu wa utawala. Alikisoma, akatikisa kichwa kwa huzuni, akakiweka chini ya faili lake. Wakati wa mapumziko daktari alipoambiwa alitoka mbio, lakini upasuaji si jambo la mtu mmoja, na chumba kilikuwa hakijaandaliwa. Mzee akapewa tarehe nyingine, wiki tatu mbele. Hakuwa na simu. Tarehe ilipofika hakuonekana, na jina lake lilibaki kwenye daftari la miadi na nafasi tupu mbele yake.

Warsha iliisha kwa kikao cha majumuisho cha viongozi. Ilipofika mengineyo, nikaomba ruhusa ya kusema, jambo ambalo katibu halifanyi ovyo. Nikaeleza juu ya mzee na mjukuu wake, nikaomba iingie kwenye kumbukumbu. Mwenyekiti akasema imepokelewa. Nikaandika. Kikao kilichofuata, tulipofika kuthibitisha muhtasari, mjumbe mmoja akasema kipengele kile hakikuwa na maazimio, na kwamba muhtasari utasomwa na wafadhili, hivyo akapendekeza kiondolewe. Hakuna aliyepinga. Nikakiondoa. Mkono uliokifuta ni huu ninaouandikia barua hii, na kwa muda mrefu nilikuwa nikijiambia kwamba katibu hana kura.

Miezi michache baadaye tulihamia jengo jingine, nikapewa kazi ya kupanga majalada ya vikao vyote tangu shirika lianze. Ilikuwa kazi ya kuweka lebo tu. Mimi niliyasoma. Nilibeba majalada machache kila jioni, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sijakiona kwenye makala yoyote ya dhamira, ya kwenu au ya wengine.

Mihtasari ya mwaka wa kwanza iliandikwa kwa mkono na muuguzi mmoja kati ya waanzilishi watatu. Ajenda ya kwanza ni kufungua kikao. Ya pili, kuthibitisha muhtasari na yatokanayo. Ya tatu ina neno moja: Wagonjwa. Chini yake kuna majina. Mama fulani, jicho la kulia limepasuliwa, ameona. La kushoto bado. Baba fulani, hakurudi kuondolewa bandeji, nani ataenda kumtazama? Halafu jina la mtu aliyesema nitaenda mimi. Kurasa mbili, wakati mwingine tatu. Fedha inafuata, mistari minne, na siku hizo fedha haikuwepo kabisa.

Mwaka wa tano ajenda ya tatu inaitwa Taarifa ya Wagonjwa, na majina yamekuwa tarakimu. Mwaka wa nane ya tatu ni Fedha, ya sita ni Taarifa ya Utekelezaji, na wagonjwa sasa ni "walengwa". Baadaye wakawa "wanufaika", ajenda ya tisa, aya moja. Mwaka wa warsha ile, ajenda ya tatu ilikuwa Uhusiano na Wafadhili, na hapakuwa na ajenda hata moja inayomhusu mtu asiyeona. Mgonjwa pekee aliyeingia katika vikao vya mwaka ule aliingia kupitia mengineyo, nami nikamfuta.

Nataka niwatendee haki waliofanya mabadiliko hayo, kwa sababu kila badiliko lilikuwa na sababu yake nzuri. Huwezi kusoma majina ya watu elfu tatu kikaoni. Siri ya mgonjwa lazima itunzwe, na ni kweli majina yale hayakupaswa kuandikwa wazi namna ile. Mfadhili naye ana haki ya kupata hesabu. Hakuna siku hata moja ambayo mtu alisimama akasema sasa tuwaache wagonjwa. Walisogezwa chini nafasi moja moja, kwa sababu njema kila mara, na kwa miaka yote hiyo dhamira iliyokuwa ukutani ilikuwa inawataja. Ndiyo maana simwamini mtu anayeniambia dhamira ya taasisi yake iko kwenye fremu. Mimi nitamwomba ajenda za miaka kumi, nizitandaze sakafuni, niangalie kitu gani kimekaa kwenye nafasi ya tatu.

Nilipostaafu nilipata muda wa kusoma juu ya jambo hili, maana lilikuwa limenikaa. Nilikuta watu walioliangalia kwa vipimo. Mwaka 2007 mtafiti wa Marekani, Adam Grant, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya jaribio kwenye kituo cha simu cha chuo kikuu, ambako kazi ya watumishi ni kuwapigia watu na kuwaomba wachangie. Sehemu ya michango ilikuwa inasomesha wanafunzi, lakini waliokuwa wanapiga simu hawakuwahi kumwona hata mmoja wao. Baadhi yao wakakutanishwa kwa dakika chache na mwanafunzi aliyesomeshwa kwa fedha hizo. Akawaambia masomo yanaendaje, akajibu maswali yao, basi. Mwezi mmoja baadaye watu wale wale walikuwa wanakaa kwenye simu zaidi ya mara mbili ya muda wa awali, na fedha walizokusanya zilikuwa zaidi ya mara mbili. Hakuna aliyewapa sentensi mpya. Nilipoisoma habari hiyo nililiwaza lile benchi letu. Kutoka kwenye benchi hadi ukumbini ni hatua kama 20. Tungemwingiza mzee yule, akakaa mbele ya bangokitita akaeleza ameishije miaka miwili bila kuona, nina hakika mjadala wa "kutoa" na "kuwezesha" ungeisha hapo hapo.

Na watafiti wengine wawili, Amy Wrzesniewski na Jane Dutton, walioandika mwaka 2001 juu ya wasafishaji wa hospitali, walikuta watu wenye kazi moja, majukumu yale yale, lakini wengine wanasema kazi yao ni kufagia na wengine wanasema wanasaidia wagonjwa kupona. Kwetu alikuwepo mama wa usafi ambaye kila alipopita na ndoo aliwaambia waliofungwa bandeji, "Hapa kuna maji, nipe mkono." Siku mbili za warsha hakusema neno, na hakuna aliyemuuliza.

Makala yenu haikugusa jambo jingine ambalo mimi naliona zito kuliko kuandika sentensi: dhamira inaweza kutimia, na taasisi nyingi hazijajiandaa kwa siku hiyo. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani, aliyepooza miguu baada ya kuugua mwaka 1921, alianzisha mfuko wa kupambana na polio mwaka 1938. Watu wakachangia sarafu ndogo ndogo, hadi leo jina la shirika hilo, March of Dimes, limetokana na sarafu hizo. Mwaka 1954 chanjo ya polio iliyotengenezwa na mtafiti Jonas Salk ilijaribiwa kwa mpango uliowahusisha watoto wapatao milioni 1.8, na tarehe 12 Aprili 1955, miaka kumi kamili tangu Roosevelt afariki, ikatangazwa kwamba ni salama na inafanya kazi. Hebu mjiweke kwenye kikao cha shirika lile baada ya hapo. Ofisi zipo, watumishi wapo, wachangiaji wapo, na kile walichokianzishia kimepatikana. Wangeweza kufunga. Mwaka 1958 wakatangaza kazi mpya, watoto wanaozaliwa na kasoro za maumbile. Wapo wanaosema walifanya vyema, wapo wanaosema walitafuta sababu ya kuendelea kuwepo. Mimi nawaheshimu kwa kuwa walilisema hadharani: tuliyoanzishiwa yametimia, haya ni mengine. Nimekaa kwenye vikao ambako kazi ilibadilika na hakuna aliyekiri kwamba imebadilika.

Kampeni ya kutokomeza ugonjwa wa ndui ilikuwa na mwisho ulioandikwa tangu mwanzo. Shirika la Afya Duniani lilianza juhudi zake kali mwaka 1967, kwa lengo ambalo mtoto wa shule anaweza kulielewa: asibaki mgonjwa hata mmoja. Mgonjwa wa mwisho kuupata ugonjwa huo kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, mwezi Oktoba 1977. Alikuwa amepanda gari pamoja na wagonjwa wawili wa ndui ili amwonyeshe dereva njia. Alipona. Mwezi Mei 1980 ikatangazwa kuwa ndui imetokomezwa. Kampeni ikaisha kwa sababu hapakuwa na mtu tena kwenye benchi.

Habari za Maalin zinaendelea, na nitazirudia, maana nataka kwanza niseme juu ya mtu mmoja mmoja. Makala yenu iliahidi kwamba sentensi ile ile inayofaa taasisi itatufaa na sisi majumbani.

Nilipostaafu, wiki za kwanza niliendelea kuamka saa kumi na moja alfajiri. Nikavaa nguo za kazi, nikakaa kitini, nikasubiri kukuche. Sikuwa na huzuni ninayoweza kuieleza, ila siku ilikuwa ndefu na haikuwa na mahali pa kushika. Kwa kuwa ninaamini katika maandishi, nikafanya kama mwandishi wenu anavyoshauri. Nikajiandikia dhamira: kuishi maisha yenye manufaa kwa wengine kwa kutumia ujuzi na uzoefu wangu. Nikaichapa, nikaiweka mezani. Kesho yake nikaamka saa kumi na moja, nikakaa kitini.

Kilichoniondoa pale ni dawa za dada yangu. Dada ni mkubwa kwangu kwa miaka saba, ana kisukari na shinikizo la damu. Siku moja alirudi kutoka kwa daktari na pakiti tatu na maelezo mawili yanayopingana, akaniuliza mimi ambaye sikuwepo. Hakuwa amechanganyikiwa. Mtu akiwa na hofu, maneno ya daktari yanaingia na kutoka, na lugha ya vipimo ni ngeni. Miadi iliyofuata nilikwenda naye, nikamwomba daktari ruhusa, nikafungua daftari. Alisema kwa kasi ya kawaida, kama maneno 120, nikampata. Alipomaliza nikamwambia, "Daktari, naomba nikusomee." Akashangaa, akasikiliza. Mahali pamoja akanisimamisha: dawa ya pili niliandika inywewe baada ya kula, naye alimaanisha kabla, ulimi ulimteleza. Akasahihisha. Miaka 31 nilikuwa naita jambo hilo kuthibitisha muhtasari, na sikuwahi kuona likimwokoa mtu.

Jioni ile nilimchapia dada karatasi moja kwa herufi kubwa. Aliyekaa naye kwenye foleni akaiona, akaniomba. Leo ninao watu kumi na mmoja. Ninakwenda nao Jumanne na Alhamisi, kila mmoja kwa ruhusa yake na ya daktari wake. Karatasi ninawakabidhi wao, na kurasa zangu za hati mkato nazichana mbele yao. Tunapokutana tena tunaanza na yatokanayo: daktari alisema upime kabla ya kula, ulipima? Alisema miguu ikivimba urudi upesi, imevimba? Mara nyingi hapo kwenye yatokanayo ndipo jambo la maana linapotokea, kabla hata hatujaingia chumbani.

Sikuitafuta kazi hii. Ingekuwa kwa kuitafuta ningeipita, kwa sababu hati mkato ni ujuzi ambao nilikuwa nimeshaambiwa na vijana wa ofisini kwamba umekufa.

Ndiyo sababu ninamwonea uchungu mtoto wa dada yangu huyo huyo. Ana miaka 24, ana afya, ana akili, na analala vibaya. Aliniambia, "Mama mdogo, wenzangu wote wameshajua kusudi lao, mimi bado." Amezisoma makala za namna hii, amejaza maswali yake, na kila jibu analoliandika analiona dogo. Sikumpa ushauri. Nilimuuliza mwezi uliopita watu gani walimpigia simu kumwomba msaada, na wa nini. Akafikiri. Walikuwa watatu, na wote walimwomba kitu kimoja: awasaidie kujaza fomu za maombi kwenye intaneti, mmoja ya pensheni, mmoja ya chuo, mmoja ya cheti cha kifo cha mumewe. Akasema, "Lakini hiyo siyo kazi, Mama mdogo, hizo ni fomu tu." Sikumjibu. Nilitamani ajione kama yule mjane alivyomwona alipoletewa cheti, aone ninachokiona mimi. Hatujalimaliza, na sitamharakisha.

Narudi kwa Maalin. Alikuwa akifanya kazi hospitali na hakuwa na chanjo, kwa sababu aliogopa maumivu ya sindano. Miaka mingi baadaye polio iliposambaa nchini mwake alijiunga na kampeni ya kuitokomeza. Alikuwa akienda kwa wazazi wanaokataa watoto wao wachanjwe na kuwaeleza kwamba yeye ndiye mtu wa mwisho kuugua ndui, na kwamba aliugua kwa sababu alikataa kuchanjwa. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeweza kusema maneno hayo. Alifariki Julai 2013 kwa malaria, akiwa katikati ya kampeni hiyo. Sidhani kama mtu huyo aliwahi kukaa chini aandike sentensi ya maneno 20. Alichukua jambo ambalo wengi wetu tungelificha, hofu yake na kosa lake, akalibeba mlango hadi mlango kwa sababu lilikuwa na faida kwa mtoto wa mtu mwingine.

Habari zake ndizo zilizonipa nguvu ya kuandika barua hii, kwa sababu na mimi ninalo jambo nililolificha.

Mhariri, nina maombi mawili. La kwanza ni kwa viongozi wa taasisi watakaosoma hapa, hasa waliokwisha kupanga tarehe ya warsha. Kabla ya kumwita mwezeshaji, mwambieni katibu wenu awaletee ajenda za miaka yote mliyonayo. Yeye anajua zilipo. Mpeni na nafasi ya kusema, maana hajazoea kuomba. Kisha msifunge mlango. Kama lazima watumishi wote wakae pamoja, kaeni zamu mbili.

La pili ni langu. Daftari la siku ile ninalo, na kile kipengele kimo, kwa hati mkato, kama nilivyokiandika kabla sijakiondoa kwenye muhtasari uliochapwa. Yule mtoto wa kike sasa ni mtu mzima, na huenda anasoma gazeti lako. Naomba ukichape kama kilivyo, kwa namba yake:

7.2 Katibu aliarifu kikao kwamba siku ya pili ya warsha, mzee mmoja asiyeona na mjukuu wake walikaa kwenye benchi la nje tangu saa moja asubuhi wakisubiri huduma. Mjukuu alimsomea babu yake tangazo. Kliniki ilikuwa imefungwa kwa ajili ya warsha. Kikao hakikutoa maelekezo.

Wako,
Katibu muhtasi mstaafu